Kinanda Kikubwa Hufunguliwa kwa Msiba

Kwenye kanisa tunalosali sisi watu wa Afrika Mashariki hapa Guangzhou kuna vinanda viwili. Kimoja ni cha umeme, kiko chini karibu na kwaya, na kibao chake kimoja kiling'oka mtu akakirudishia kwa gundi. Cha pili kiko juu kwenye roshani, nyuma ya waumini, na hicho ndicho kinanda chenyewe. Mabomba yake yamesimama ukutani, kuanzia lile nene ambalo mtoto mdogo angeweza kujificha ndani yake mpaka lile jembamba kama kalamu. Ukikanyaga kibao cha mguu cha mwisho kushoto, sauti huisikii kwa masikio kwanza. Unaisikia kwenye benchi ulilokalia.

Padri alishaweka utaratibu. Kinanda kikubwa ni kizee, mapafu yake ya ngozi yamechoka, fundi wake anatoka mji mwingine, kwa hiyo kinafunguliwa siku za sikukuu na siku za misiba tu. Jumapili za kawaida tunatumia cha umeme. Na sikukuu zina wenyewe: wapigaji wa Kichina waliokulia kanisani hapo, wanaopokezana Krismasi na Pasaka tangu sijazaliwa. Kwa msichana kama mimi, Mtanzania, mtoto wa mama anayenunua nguo za jumla na kuzipeleka nyumbani, njia ya kukaa kwenye lile benchi watu wakiwapo kanisani ilikuwa imebaki moja tu. Sikuwahi kulisema hilo kwa mdomo. Lakini nilikuwa nalijua, kama unavyojua kwenye sufuria kumebaki nyama moja na wewe ndiye unayepakua.

Mwalimu wangu wa kinanda ni bibi mmoja wa Kichina. Namwita laoshi, yaani mwalimu, kama wanavyomwita wote. Mama alikuwa akiniacha kanisani Jumamosi wakati anazunguka na wateja wake kwenye yale maghorofa ya nguo ya Guangyuan Xilu, na laoshi alinikuta nabonyeza kile kibao chenye gundi nione kama kitang'oka tena. Hakunigombeza. Alinisogeza pembeni, akakaa, akacheza kidogo, akaniachia nafasi nijaribu. Hivyo tu ndivyo nilivyoanza. Mimi si mwongeaji. Shuleni nikiulizwa swali najibu kwa sauti ambayo hata mimi mwenyewe siisikii vizuri. Kwenye kinanda unawapa watu mgongo, hakuna anayekutazama usoni, na bado unapiga kelele kuliko wote. Sijui kama kuna kazi nyingine duniani inayomfaa mtu mwenye aibu kuliko hiyo.

Mwaka jana laoshi alinipa kipande cha mtunzi mmoja Mcheki. Kinatoka kwenye misa kubwa, yenye kwaya na matarumbeta na ngoma. Karibu na mwisho waimbaji wote wananyamaza na kinanda kinabaki peke yake. Hakuna maneno, hakuna wa kukusindikiza. Miguu inarudia kitu kile kile, kile kile, kinageuka kidogo halafu kinarudi, na mikono huku juu inakikimbiza kana kwamba kuna mtu amefungiwa mlango na anataka kutoka. Si muziki wa kukutuliza. Mara ya kwanza kuusikia niliogopa. Mara ya pili nikawa siwezi kufikiria kitu kingine.

"Aliandika akiwa mzee," laoshi aliniambia. "Na hakuwa mtu wa kwenda kanisani."

"Sasa kwa nini aliandika misa?"

Akanionyesha mstari kwa kidole. "Piga tena hapa. Mguu wako wa kulia unachelewa."

Nilikifanyia mazoezi kwenye kile cha umeme, ambacho vibao vyake vya miguu ni vifupi na havitoshi. Cha juu laoshi aliniruhusu mara moja tu, mchana mmoja kanisa likiwa tupu, na hata hapo tulivuta sauti ndogo ndogo peke yake ili padri asikasirike. Njiani kwenda kituo cha treni nilikuwa natembea huku nakanyaga lami kama vibao.

Msikilizaji wangu alikuwa mmoja. Alikuwa mzee wa kutoka Mbeya aliyekuwa akinunua suruali za jinzi kule Xintang kwenye viwanda na kuzipakia kwenye kontena. Watu wote walimwita Mzee wa Jinzi, na mimi nilimwita Anko. Alikuwa rafiki wa mama wa biashara, wa wale wanaoaminiana kiasi cha kushikiana mizigo. Jumamosi miguu yake ikichoka alikuja kanisani kumsubiri mama, anavuta kiti cha plastiki, anavua viatu, anaweka miguu juu ya kiti kingine na kufumba macho.

"Haya laoban mdogo," alikuwa akisema, maana laoban ni bosi, na huku sokoni kila mtu ni laoban. "Washa cherehani."

"Si cherehani, Anko."

"Mimi nashinda viwandani wiki nzima, unanidanganya mimi? Hiyo ni cherehani, na leo inashona mguu wa kushoto tu. Wa kulia umeusahau."

Nilikuwa nacheka mpaka nakosea. Na kusema kweli alikuwa sahihi. Ule mguu unaorudia rudia, ukiingia kwenye kiwanda cha Xintang ukasimama katikati ya mafundi, unasikia kitu kama hicho hicho.

Siku moja aliniuliza mtunzi ni mtu wa wapi. Nikamwambia Mcheki, wa sehemu inayoitwa Moravia. Akafungua macho, akashusha miguu.

"Moravia? Moravian? Si kanisa letu hilo!"

Huko kwao Mbeya yeye alikuwa Mmoravian, wa kubatizwa na kuoa kanisani, na ni kweli kwamba kanisa lao lilianzia kwenye nchi ile na jina lilitoka huko. Nilitaka kumweleza kwamba mtunzi mwenyewe hakuwa wa kanisa lao, na kwa alivyosema laoshi hakuwa wa kanisa lolote sana. Lakini alikuwa amefurahi mno.

"Kumbe ni mtu wetu! Kwa hiyo huu wote ni wimbo wa kwetu, na mimi nautukana kila siku!" Akavaa viatu kwa heshima, kama aliyeambiwa padri kaingia. "Basi piga, mwanangu. Piga vizuri, nitaacha kuutukana."

Hakuacha. Ila tangu siku hiyo mtu yeyote akipita anamwambia, huu ni wimbo wa kwetu, msikilize huyu mtoto. Sikumsahihisha. Niliona hakuna ubaya.

Alifia Guangyuan Xilu, kwenye ngazi za ghorofa moja la nguo, siku ya kazi asubuhi. Wabebaji waliokuwa wanashuka na marobota walimkuta amekaa kwenye ngazi ameegemea ukuta, wakadhani anapumzika, wakampita. Mama alinipigia simu nikiwa shuleni, mapumziko. Alikuwa analia na pembeni yake watu wanapiga kelele za bei kama kawaida.

"Mzee wetu ametutoka," alisema. "Mwanangu, Mzee wa Jinzi ametutoka."

Naandika hili kama lilivyokuwa. Kabla sijamwona usoni Anko kichwani mwangu, kabla sijakumbuka miguu yake juu ya kiti, kitu cha kwanza kilichonijia ni roshani ya kanisa. Kinanda kikubwa. Kilikuja chenyewe, haraka, na kilikuja kikiwa kimechangamka. Halafu ndipo nikalia. Nililia kweli, sikuigiza. Lakini kilio kilikuwa cha pili.

Mwili ulibaki hospitali ukisubiri taratibu za kusafirishwa, na wazee wa jumuiya yetu wakasema tumuage kwanza kwa ibada, maana wengi wetu hatungeweza kwenda Mbeya. Huku ugenini hatuchagui sana dhehebu. Padri alikubali, Walutheri wakaja, Waanglikana wakaja, hata wanafunzi wawili wa Kiislamu wanaosoma hapa walikuja wakakaa nyuma kwa adabu. Aliyekosekana ni mke wake. Alihangaikia viza ikashindikana. Mama alizungumza naye kwa simu nikiwa namenya viazi pembeni, sauti ikiwa wazi, na nilisikia kila neno.

"Sitaki video," alisema yule mama. Alikuwa anaongea taratibu, kama mtu anayehesabia pumzi yake. "Kumwona nitamwona akifika. Picha za simu zinanitisha. Mimi nataka kuwasikia mkimuaga. Mtanisogezea simu karibu na kwaya?"

"Tutakusogezea dada yangu."

"Kwetu mtu haagwi kimya. Watu wanapita kwake wakiimba mpaka wa mwisho apite. Mniwekee nisikie watu wanaimba. Nikisikia, nitajua hakuwa peke yake huko."

"Utasikia. Tuna kwaya nzuri sana."

Hilo ndilo alilotaka, na hakutaka lingine. Na nilikuwa pale na kisu mkononi.

Kwaya yetu inaongozwa na kaka mmoja wa Kitanzania anayesoma mambo ya mawasiliano kwa ufadhili, mrefu, mtani, mwenye sauti ya juu inayomfanya apendwe na kina mama wote. Nilimfuata baada ya mazoezi ya kwaya. Kwa kawaida huwa simfuati mtu. Nilizunguka nguzo moja ya kanisa kwanza.

"Kaka, wakati wa foleni ya kuaga."

"Enhe."

"Badala ya kwaya. Nipige kinanda cha juu. Kile kipande."

"Kile cha cherehani?" Akacheka, halafu akakumbuka ni msiba, akajiziba mdomo. "Mdogo wangu, foleni ndefu ile. Watu wamezoea kuimba."

"Alikuwa anasema ni wimbo wa kwao. Wa kanisa lao."

Nilisema hivyo nikimtazama usoni. Mimi, nisiyemtazama mtu usoni.

"Kweli?"

"Kila mtu alimsikia akisema."

Na ni kweli kila mtu alimsikia. Sikudanganya neno hata moja, na ndiyo maana linanikaa vibaya zaidi. Kaka alikuna kidevu. "Basi sawa. Kama mwenyewe aliupenda. Sisi tutaimba mwanzo na mwisho, foleni yako wewe. Lakini usituvunjie vioo."

Siku ya ibada picha yake kubwa iliwekwa mbele, juu ya meza yenye kitambaa cheupe, amevaa koti la jinzi na anacheka kwa jino moja lililojitokeza. Simu ya kaka iliegemezwa kwenye chombo cha maua kando ya picha, laini ikiwa wazi mpaka Mbeya, ambako ilikuwa asubuhi na nyumba imejaa watu wa msiba. Kabla sijapanda roshani nilisikia mama akiinama kwenye simu: "Dada unatusikia?" Na sauti ndogo: "Nawasikia. Nasikia viti vinavyoburutwa. Nasikia mpaka mtoto analia." Mama akatutazama na kuitikia kwa kichwa kwamba mambo yako sawa.

Juu, laoshi alikuwa ameshafungua kinanda. Kuna kioo kidogo juu ya vibao ambacho mpigaji anatazamia mambo ya chini. Niliwaona kwaya wamekaa baada ya wimbo wa kwanza. Nilimwona msomaji akimaliza wasifu wa marehemu. Nikaona watu wanasimama, mstari unaanza kujipanga katikati, kila mmoja na ua lake. Laoshi alivuta vishikio vya sauti, safari hii vyote, hata vile vikubwa vya mwisho. Akaniwekea mkono begani. Nikaanza.

Sijui nieleze vipi. Kwenye kile cha umeme nilikuwa nakisoma kipande. Pale juu nilikuwa ndani yake. Sakafu ya roshani ilitetemeka, vumbi likaruka kutoka juu ya mabomba likashuka kwenye mwanga wa dirisha, miguu yangu ikarudia na kurudia na wa kulia haukuchelewa. Kwenye kioo niliona mstari umesimama kwa mshtuko, halafu ukaanza kutembea tena, polepole. Mama mmoja alijishika kifua. Mtoto aliyekuwa analia alinyamaza akageuka kutazama juu. Nilifika pale mikono inapopanda ngazi kwa ngazi na miguu inagoma kuiacha, na nikagundua kwamba natabasamu. Si kutabasamu tu. Meno yote yalikuwa nje. Nilikuwa na furaha ambayo sijawahi kuwa nayo, kwenye msiba wa mtu aliyenipenda, huku watu wanaweka maua mbele ya picha yake. Nilijiona kwenye kile kioo, uso wangu juu ya vichwa vya waombolezaji, na sikuacha kutabasamu. Nilishindwa. Au sikujaribu.

Nilipomaliza, kanisa lilibaki linavuma kidogo, halafu likatulia kabisa. Laoshi alisema neno moja la Kichina ambalo hunipa mara chache: vizuri. Na katika ule ukimya, kutoka chini, sauti ndogo ikapanda mpaka kwetu.

"Halo? Halo? Jamani, mmenikata?"

Kaka aliruka akaichukua simu. "Mama, tupo! Tupo mama, hujakatwa!"

"Niliita mpaka nimechoka. Mlikuwa wapi?"

"Tulikuwa tunamuaga mama. Ndiyo tumemaliza foleni."

"Mmemaliza? Mbona sikusikia mtu akiimba? Nilisikia viatu. Nilisikia mtu anakohoa. Nikasema labda wanajiandaa. Kwani hamkumwimbia?"

Kanisa zima lilisikia. Sauti ilikuwa wazi kabisa, kana kwamba amesimama mlangoni.

"Kilipigwa kinanda mama. Kikubwa, kizuri sana. Hukusikia kinanda?"

"Kinanda gani, baba? Hapa palikuwa kimya. Wote tumekaa sebuleni tunaitazama simu."

Kaka alianza kueleza habari ya mtandao, akaharakisha kwaya isimame, wakaimba wimbo wa mwisho kwa nguvu zote. Lakini ulikuwa ule mfupi wa kutokea, mama na wenzake wakiwa wameshaanza kutoka na picha, na katikati laini ikakatika kweli. Walipopiga tena hakupokea. Aliyepokea ni kijana fulani, akasema mama amekwenda kulala, asanteni kwa kumsindikiza baba.

Nje uwanjani watu walinijia. "Umetisha, binti." "Leo umetufungulia mbingu." Mama akanikumbatia akasema mtandao bwana, mtandao wa kishenzi, maskini dada wa watu. Kila mtu alilaumu mtandao. Nilimvuta kaka pembeni, karibu na mapipa ya taka.

"Kaka, ni mtandao kweli?"

Yeye ndiyo masomo yake hayo. Alivua miwani akaifuta kwa shati. "Hapana," alisema. "Si mtandao. Simu za siku hizi zinatafuta sauti ya mtu. Kitu kinachovuma mfululizo, feni, injini, zinaona ni kelele, zinakifuta ili muongee vizuri. Sasa kinanda kile, si ndiyo baba wa feni zote. Imekifuta chote. Ilimwachia viatu na kikohozi. Ningefikiria mapema, jamani, mimi ndiye ningefikiria."

"Na kwaya? Kwaya ingefutwa?"

Alirudisha miwani usoni.

"Kwaya ingepita," akasema. "Ingekwaruza kwaruza, lakini ingepita."

Kisha akanigonga bega na kusema nisijiumize, nani angejua. Lakini yeye hakujua mimi nilisikia nini nikiwa namenya viazi. Yule mama aliomba kusikia watu wakiimba. Mimi nikaomba wanyamaze. Kama ningekuwa sijui chochote kuhusu simu na mitambo bado ningekuwa nimewanyamazisha, kwa sababu nililitaka lile benchi, na nililitaka tangu marehemu yuko hai anavua viatu. Watu wa Mbeya walikaa sebuleni wanatazama simu isiyosema kitu, wakidhani ndugu yao anapitwa kimyakimya kama alivyopitwa kwenye zile ngazi.

Wiki ile sikugusa kinanda. Laoshi aliuliza, nikasema tumbo. Chakula kilikuwa hakipiti, na mama akadhani ni huzuni, akawa ananipikia uji na kunisifia kwa majirani: huyu mtoto ana roho, mzee yule kamwondokea kama baba. Kila sifa ilikuwa inanichoma. Nilijaribu kumwambia mara moja tukiwa kwenye duka lake la kuhifadhia mizigo. Nikasema, "Mama, ile siku mimi..." Akanikatiza, akaniambia nimshikie kona ya turubai. Nikashika kona ya turubai.

Mwili ulipopata kibali cha kuondoka mama alitakiwa ampigie yule mjane kumjulisha siku ya ndege. Ilikuwa adhuhuri, tuko mle mle dukani kati ya marobota ya nguo, mama ameweka simu juu ya robota moja. Walimaliza habari za ndege. Kisha mlangoni akaja mchukuzi kuulizia mzigo gani unaenda Nansha bandarini, mama akatoka naye, akaniambia, "Muage mama."

Nikaishika simu. "Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Wewe ni nani?"

"Mimi ni mtoto wake. Mimi ndiye niliyepiga kinanda." Halafu sikusimama, maana ningesimama nisingeanza tena. "Mama, haukuwa mtandao. Kwaya walitaka kuimba. Mimi ndiye niliyewaomba wasiimbe ili nipige mimi. Nilikusikia ulivyosema unataka kuimbiwa, nilikuwepo, na bado niliwaomba. Na niliwaambia ni wimbo wa kanisa lenu, na najua si wa kanisa lenu. Na wakati napiga nilifurahi. Nilifurahi sana, mama. Naomba unisamehe."

Nilisikia kuku upande wake, na mtu anakwangua sufuria.

"Ndicho kile alichonitumia?" akauliza.

"Kipi mama?"

"Alinitumia kwenye simu, alirekodi. Akaniambia sikiliza, mtoto mmoja huku anapiga wimbo wa kwetu. Nikasikiliza mpaka mwisho kwa sababu yake. Kichwa kikaniuma siku nzima."

Sikujua nicheke au nifanye nini. Sikucheka.

"Nikamwambia, wewe mzee, huu si wa kwetu, hawa wa kwetu hawapigi hivi. Akasema nyamaza, hujui muziki." Akavuta pumzi. "Kwa hiyo wakati nimekaa hapa naita halo, halo, mlikuwa mnampigia kile."

"Ndiyo mama."

"Hm."

Hakusema amenisamehe. Hakusema hajanisamehe. Mtu aliyekuwa anakwangua sufuria aliacha.

"Unajua kuimba?" akauliza.

"Hapana. Yaani najua, ila siwezi. Naona aibu."

"Nani yupo hapo?"

Nilitazama. "Hakuna mtu. Nguo tu."

"Basi imba."

Akanitajia wimbo, ule wa kuaga ambao kila kanisa la nyumbani linao, ambao kwaya yetu ingeuimba kwenye foleni mpaka wa mwisho apite. Niligeukia ukuta, nikaweka paji la uso kwenye robota, nikaanza. Sauti yangu ilitoka mbaya. Ilianza juu mno, nikaishusha katikati ya mstari, nikakohoa, nikaendelea. Nilifika mwisho wa ubeti nikasimama.

"Umeruka mstari," alisema. "Subiri kwanza. Subiri hapo hapo."

Nikasikia anatembea, mlango unafunguliwa, na sauti yake ikiwa mbali na simu ikisema na watu: njooni, njooni na hao wa uani pia, waacheni hao kuku. Viti vikaburutwa. Akarudi, na nyuma yake nikasikia pumzi za watu wengi, watu wa Mbeya nisiowajua, wamekaa wananisubiri.

"Haya," alisema. "Nimeweka sauti kubwa, wote wanasikia. Rudia kuanzia mwanzo, na polepole, sisi huku tutakufuata."

Mama alikuwa amerudi, amesimama mlangoni na karatasi za mzigo mkononi, ananitazama bila kuelewa. Sikumgeuzia mgongo. Nikarudia kuanzia mwanzo. Mstari wa kwanza nilikuwa peke yangu. Wa pili, kwa kuchelewa kwa ile safari yote ndefu ya sauti, ndipo nilipowasikia wanaingia, wanawake kwanza, wakiwa bado kwenye maneno niliyokwisha kuyaacha, na ikabidi nipunguze mwendo, nisimame karibu kila mwisho wa mstari, niwangoje wafike.